Mkataa wengi mchawi? Jibu kwa msomaji wa Ngamiani aliyekataa sare ya saba

"Shikamoo mama mshauri. Nina miaka 29, naishi Ngamiani, Tanga. Nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi na jioni nasoma uhasibu. Mama yangu, mashangazi na majirani wana kikundi cha shughuli, wanawake kama 30, na mimi niliingizwa nilipomaliza shule. Kila harusi ina sare yake. Tangu Mfungo Mosi mpaka sasa zimepita sare sita: kitambaa elfu 35, mshono elfu 20, mchango mbali. Vikao vyote sita nilinyoosha mkono kukubali huku moyoni sitaki. Sare ya saba nikasimama nikasema hii sinunui, nitakuja na nguo yangu. Kimya. Mwenyekiti akasema, 'Haya, tumesikia,' wakaendelea. Usiku huohuo nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Wiki mbili baadaye jirani yetu alifiwa na mumewe. Nilipofika msibani nikawakuta wenzangu kwenye majamvi wanachambua mchele. Nikakaa. Hakuna aliyenisogezea ungo. Nilikaa mikono mapajani mpaka maiti alipotolewa. Mama anasema mkataa wengi mchawi, na kwamba nimemwaibisha. Nasikia wanapanga kuja kunisuta. Huku mtandaoni wahamasishaji wanasema uwe wewe mwenyewe, wanaokurudisha nyuma waondoe kwenye maisha yako. Sijui nifuate lipi. Nina tatizo la kutojiamini, maana nilikuwa nakubali nisichokitaka? Au nina kiburi, maana nilikataa? Mbona mimi tu ndiye nimeshindwa kuwa kama wengine?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja: kwenye ungo. Sare umezieleza kwa hesabu, kama mtu wa kaunta. Ungo umeueleza kama mtu aliyeumia.

Unajiuliza kama u mnyonge kwa kuwa ulikubali mara sita, halafu papo hapo unajiuliza kama una kiburi kwa kuwa ulikataa mara moja. Maswali hayo mawili ukiyaweka pamoja hayakuachii pa kupita. Mimi naona mkono ulionyooka mara sita na ulimi uliokataa mara ya saba ni vya mtu mmoja, mwenye akili zake timamu. Nitakueleza kwa nini, kisha tuzungumze la kufanya, maana arobaini ya mume wa huyo jirani haiko mbali.

Tuanze na mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyezaliwa Warsaw na kufundisha Marekani, aliwakalisha vijana wa chuo chumbani akawaambia anapima macho. Kadi moja ina mstari mmoja, kadi ya pili ina mistari mitatu ya urefu tofauti. Taja upi unalingana na ule wa kwanza. Kazi ya mtoto wa chekechea. Waliojibu peke yao walikosea chini ya mara moja katika mia. Lakini mle chumbani, kijana mmoja tu ndiye hakujua mchezo. Wenzake wote walikuwa wamepangwa, na katika zamu 12 kati ya 18 walitaja kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, jibu moja la makosa. Yule asiyejua aliwekwa mwishoni mwishoni, akawasikia karibu wote kabla hajafungua kinywa.

Karibu theluthi ya majibu ya vijana hao iliwafuata wengi kwenye kosa, na watatu kati ya wanne walifuata angalau mara moja. Habari hii hupenda kusimuliwa ili kuonyesha kwamba binadamu ni kondoo. Wasimuliaji hao wameruka nusu yake: theluthi mbili za majibu zilibaki sahihi, na mmoja kati ya wanne hakufuata hata mara moja. Wengi wao walikuwa kama wewe, zamu hii nafuata, zamu ile nakataa, huku wakigeukageuka kwenye viti.

Mimi hupenda zaidi yaliyotokea Asch alipoanza kubadilisha mambo mle chumbani. Alipomweka mtu mmoja tu wa kutaja jibu sahihi kabla ya yule kijana, kufuata wengi kulishuka mpaka kama robo ya kulivyokuwa. Mtu mmoja! Alipomruhusu kijana aandike jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka, kulishuka pia. Na wapinzani watatu walimlemea mtu karibu sawa na kumi na watano.

Sasa kitazame kikao chenu. Mikono hewani, mbele ya mama mzazi, mbele ya shangazi aliyekuogesha ukiwa mchanga, hakuna karatasi, na hakuna hata mmoja aliyetangulia kusema "mie hii imenishinda." Asch mwenyewe asingekipanga vizuri zaidi ya hapo.

Mwaka 1955 watafiti wawili, Morton Deutsch na Harold Gerard, walitenganisha mambo ambayo watu huyachanganya mpaka leo. Kuna kufuata kwa sababu unadhani wenzako wanajua kuliko wewe: ukifika kivukoni Pangani mara ya kwanza, hujui tiketi inakatwa wapi, unawafuata wenye vikapu na baiskeli, na umefanya jambo la akili. Na kuna kufuata ili usionekane mbaya, usije ukatengwa. Hapo ulikuwa unajua vizuri unachofikiri. Mkono ukaenda juu, moyo ukabaki ulipokuwa. Hilo peke yake si dalili ya kutojiamini. Wewe ulijua tangu sare ya kwanza. Ulichokosa ni mtu wa kutangulia.

Wala usidhani huu ni ugonjwa wetu sisi wa pwani. John Berry, mtafiti kutoka Canada, alichapisha mwaka 1967 ulinganisho wa Watemne wa Sierra Leone na Wainuit, wawindaji wa kisiwa cha Baffin kaskazini mwa Canada, kwa jaribio la mistari kama lile la Asch. Watemne walifuata kundi zaidi, Wainuit kidogo mno. Sababu aliyoitoa haikuwa ujasiri wala woga. Watemne ni wakulima wa mpunga. Mavuno ni ya msimu, chakula lazima kitunzwe na kugawanywa mwaka mzima, na mmoja akienda kinyume anaweza kuwatia wengi njaani. Mwindaji aliye juu ya barafu akisubiri kikao atakufa. Kwa hiyo kufuata wengi ni zana kama jembe lilivyo zana. Swali ni unalima wapi.

Na wewe unalima Ngamiani, mwanangu. Nani atakesha na mama yako akilazwa? Nani ataosha maiti nyumbani kwenu? Wale wale waliokunyima ungo. Hilo hao wahamasishaji wa mtandaoni hawalijui, kwa sababu wao hawana msiba barabara ya kumi na mbili.

Niseme kidogo kuhusu sare zenyewe, maana naogopa umeanza kuzichukia bure. Bibi zetu wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, walikuwa na sare, wakashindana kwa sare, na vikundi vile havikuwa vya kucheza tu. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwapata wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji wa ngoma, alipitia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na wanachama wakaingia chamani kwa mafungu. Kundi lililozoea kuvaa kitambaa kimoja lilikuwa limekwisha kujifunza kukusanya pesa, kuitana na kwenda mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Sare ina uzuri mwingine ambao haukosi kunigusa. Siku ya shughuli, mke wa mwenye malori na muuza maandazi wamevaa kitambaa kimoja, wamekaa mkeka mmoja, na mpiga picha hawezi kuwatenga. Kwa saa tano, umaskini umefunikwa. Lakini hayo yalikuwa ya sare mbili kwa mwaka, kitambaa cha bei ya kanga. Sare zikifika sita kwa msimu, kwa elfu 55 kila moja, ni laki tatu na thelathini kabla hujatoa mchango wala hujatunza bibi harusi. Hapo kitambaa kilekile kinageuka: muuza maandazi anaonekana kuliko zamani, kwa sababu ndiye pekee asiye nacho. Kwa hiyo mimi sioni kwamba umeasi mila. Wengi wenu mnaona mahali ambapo mila imegeuka, wewe umelisema.

Nimesema wengi wenu kwa makusudi. Umeuliza, "mbona mimi tu?" Acha nikupe kisa changu. Miaka mingi iliyopita tulikodi Kosta kwenda Pangani kuoza mtoto wa ndugu yetu, wanawake tupu, sote tumevaa zambarau ya kung'aa ambayo hata leo nikiiona dukani macho yananiwasha. Karibu na Kigombe, aliyekaa nami akaniinamia akanong'ona, "Dada, hii nguo nimemwomba kijumbe anisogeze upatu mbele." Nikacheka, nikamwambia mimi nimeikopea kazini. Kiti cha nyuma yetu sauti ikasema, "Mie nimeuza kuku." Watatu sote, siku ya kikao, tulikuwa tumenyoosha mikono mpaka makwapa yanaonekana. Na kila mmoja alikuwa ametazama mikono ya wenzake akaamini kwamba peke yake ndiye amebanwa.

Jambo hili wataalamu wamelipima. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton na desturi ya kulewa. Mwanafunzi wa kawaida alikuwa na wasiwasi na ulevi ule, lakini aliamini wenzake hawana wasiwasi kama wake. Kila mmoja anaficha moyo wake, anausoma uso wa mwenzake, na uso wa mwenzake nao umefichwa. Desturi inaweza kusimama miaka bila mtu kuipenda, ilimradi hakuna anayeuliza kwa faragha. Siwezi kukuhakikishia kuwa kumi na tano kati ya wale 30 wanafikiri kama wewe. Ila kile kimya ulichokisikia uliposimama, mimi sikisomi kama hasira tupu. Kimya cha hasira hakidumu. Mtu wa pwani akikasirika atatema neno. Kile kilikuwa pia kimya cha watu wanaohesabu madeni yao.

Turudi kwenye ungo. Mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake walitengeneza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Unarushiwa mara moja mbili, halafu wenzako wawili, watu usiowajua na usiowaona, wanaanza kurushiana wao kwa wao. Dakika chache tu, na watu husema wamejisikia vibaya, wameona hawana thamani. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2004 waliumia hata walipoambiwa mapema kwamba wanaocheza nao si watu, ni kompyuta. Ikiwa mtu anaumizwa na mashine isiyomrushia mpira wa picha, wewe usiumie kwa ungo wa shangazi? Maumivu yako si ishara kwamba ulikosea. Ni kengele ya mwili tu: unatengwa, angalia. Kengele hulia hata kama moto ni wa jirani anayechoma taka.

Na sina hakika kwamba walikubaliana kukunyima. Huenda mmoja wao alikusudia. Waliobaki, nadhani, kila mmoja alisubiri mwenzake akusogezee, asije akaonekana amechukua upande wako. Ni ule ule mchezo wa mikono hewani, safari hii wakiwa wameshika ungo.

Mama yako anasema mkataa wengi mchawi. Mimi naielewa methali hii kwamba inamwonya asiyezika, asiyehani, asiyejulikana mlangoni kwa mtu. Wewe hukukataa watu, umekataa kitambaa, tena ukasema utakuja. Wazee haohao walitwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hawakuona kwamba wanajipinga. Walijua kuna siku ya hii na siku ya ile. Lakini usimrushie mama methali. Ukishindana na mzazi kwa methali, hata ukishinda umeshindwa.

Na wahamasishaji wako je? Wana ukweli kidogo: mtu anayemezwa mpaka hajui anachokipenda anaweza kuishia kuugua. Lakini "waondoe wote" ni ushauri wa mtu aliyekasirika. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 jinsi mtu anayehisi uhuru wake unaguswa anavyokitamani kile hasa alichokatazwa, na kukikataa kile hasa alichosukumiwa, hata kama hapo awali hakuwa na neno nacho. Mwanamke anayekataa kila kilichokubaliwa na kikundi naye huchungulia kwanza kikundi kimesema nini ndipo aamue. Kamba bado iko shingoni, ameigeuzia nyuma tu. Kwa hiyo jiulize swali moja ukiwa peke yako: kama kitambaa kingekuwa elfu nane, ningevaa? Ukijibu "ningevaa, tena kwa furaha," basi shida yako ni pesa, na ya pesa yana mlango wake. Ukijibu "nisingevaa hata cha bure," tunazungumza jambo jingine, la wewe kutaka kuonekana kama wewe, nalo ni halali, ila gharama yake ni tofauti. Barua yako inanifanya nidhani ni la kwanza, kwa kuwa umenipa bei mpaka ya mshono.

Sasa njia zilizopo. Unaweza kurudi, ukaomba radhi na kulipa sare ya saba. Ni rahisi, utapewa ungo wiki hiyohiyo, na nisikufiche, wapo wanaofanya hivyo wakaishi vizuri. Ila wewe una ada ya chuo, na mtu anayelipa huku ananung'unika huanza kuwachukia anaowalipia.

Unaweza kujitoa kabisa. Utaokoa pesa. Lakini fahamu kwamba daftari la michango ni akiba: ulichowatunzia wengine ndicho kitakachorudi siku ya shughuli yako, na asiye na jina daftarini hujikuta anapika pilau la watu 200 na dada zake wawili. Kwa binti wa miaka 29 ambaye mama yake bado ni mwanachama, mimi nisingekushauri hivyo mwaka huu.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo naipenda, ni kubaki ndani na kupunguza. Mwanasaikolojia Edwin Hollander aliandika mwaka 1958 kuhusu namna kundi linavyomfungulia kila mwanachama kitu kama akaunti. Ukihudhuria, ukibeba, ukisaidia, akiba inapanda. Ukienda kinyume, unatoa. Mwenye akiba kubwa anasamehewa mengi. Wewe una miaka zaidi ya kumi ya akiba humo. Kosa lako, kama ukinibana nilitaje, ni kwamba ulitoa nyingi kwa siku moja, hadharani, bila kumwarifu mwenyekiti kwanza. Mwenyekiti alisikia habari mbele ya watu 30, na mtu mzima akishtukizwa mbele za watu hana jibu jingine zaidi ya "tumesikia."

Kwa hiyo mfuate nyumbani kwake. Peke yako, jioni, si siku ya kikao, na usiende mikono mitupu, hata kama ni sukari kilo moja. Anza na adabu: "Mama, nimekuja kuomba radhi kwa namna nilivyosema, nimekukwaza mbele za watu." Omba radhi kwa namna, usiombe radhi kwa neno lenyewe. Halafu sema lako: "Sare zote siziwezi, nasoma na ada ni yangu mwenyewe. Nitavaa ya ndugu wa damu. Nyingine nitakuja na dera langu na mtandio wa rangi yenu, na jikoni nitakuwepo tangu alfajiri." Kisha nyamaza. Akikuuliza mara tano, jibu hilohilo mara tano. Serge Moscovici, mwanasaikolojia wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1969 kwamba watu wawili kati ya sita, wakishikilia kwamba picha za bluu ni za kijani bila kuyumba, waliwavuta wenzao kwenye karibu jibu moja kati ya 12. Walipoyumba, leo bluu kesho kijani, hawakumvuta karibu mtu. Ikiwa uongo ulioshikiliwa kwa utulivu unasogeza watu kiasi hicho, ada ya chuo haitashindwa. Ila ukisema leo ni ada, kesho rangi haikupendezi, keshokutwa sare ni ushamba, umekwisha.

Kabla ya kwenda kwake, mtafute mmoja. Si watatu, mmoja. Yule ambaye kwenye vikao huwa anatazama chini wakati wa kutaja bei. Usimwombe akuunge mkono kikaoni, mwulize tu, mkiwa wawili, "Na wewe hizi sare zinakwendaje?" Ukimpata, hata akibaki kimya siku ya kikao, hutakuwa tena yule kijana wa mwisho kwenye chumba cha Asch. Na siku moja mmoja wenu anaweza kupendekeza kitambaa kiwe kwa nyumba ya wenye harusi tu, wengine mtandio. Inawezekana ikakataliwa. Mara nyingi hukataliwa mara ya kwanza, halafu mwakani inaletwa na mtu mwingine kana kwamba ni yake. Mwache aibebe.

Sikuahidi kwamba yote yatarudi kama zamani. Wapo wawili watatu watakaokuweka moyoni miaka. Kuna harusi utakaa pembeni kwenye picha. Hiyo ndiyo bei ya kitambaa usichonunua, na ni haki uijue mapema kama ulivyojua ile ya elfu 55.

Kuhusu kusutwa: kwanza usijibu habari ya kusikia. Usiweke fumbo kwenye stetasi, usinunue kanga ya kumjibu mtu, na wanaokuletea maneno waambie, "Nimesikia, ahsante," uwapikie chai. Wakija kweli na vigelegele vyao, kaa ndani, mwombe mtu mzima anayeheshimika, mjomba au shangazi wa upande wa baba, atoke awasikilize. Msuto unahitaji mtu wa kujibizana naye. Msuto usipompata, unachoka kabla ya adhuhuri. Yakivuka hapo yakawa matusi ya nguoni, vitisho au kuguswa mwili, hilo si la kikundi tena. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mkono ukiinuka, nenda polisi kwenye dawati la jinsia.

Mama yako nenda kwake kabla ya mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekuleta kikundini. Wewe unapokataa, wenzake wanamtazama yeye. Aibu anayoisema ni ya kweli hata kama hukuikusudia. Muulize yeye sare zake anazilipaje. Uliza kwa upole, halafu usimkatize. Nisingeshangaa ukasikia habari za kuku.

Nataka pia ujichunguze mwili. Usingizi ukikupotea wiki mbili mfululizo, chakula hakishuki, moyo unakwenda mbio kila simu ikilia, au unaanza kukwepa kazi na darasa ili usikutane na watu, usiendelee kusoma majibu ya mbali kama hili langu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, uulize huduma ya afya ya akili, au mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jiji. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, tena usiende peke yako. Kutengwa si jambo dogo, na anayekwambia "ni nguo tu" hajawahi kukaa msibani mikono mapajani.

Na arobaini ya mume wa huyo jirani, uliza kwa mjane mwenyewe hitima ni siku gani. Fika saa kumi na moja alfajiri, kabla wengine hawajaamka, na ungo wako toka nyumbani. Mchele utaukuta jikoni. Anza kuchambua, na anayekuja wa kwanza msogezee.